Kulwa anasoma, Doto hasomi: kisa cha mtoto asiyekuwa na kisanduku kwenye fomu

Mapacha wa Usukumani majina yao yanajulikana kabla hawajazaliwa: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Kwa hiyo ninapowaita hivyo watoto wa kisa hiki sijamtaja mtu. Kwenye mwalo mmoja tu, yaani ufukwe wanapotua wavuvi, kaskazini ya jiji la Mwanza unaweza kuita "Doto!" wakageuka watano. Mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili familia isitambulike, na shule na ofisi sitazitaja.

Huyu Kulwa ni msichana, Doto ni mvulana. Walianza darasa la kwanza siku moja, wakakalishwa dawati moja. Nilipokutana na mama yao, Kulwa alikuwa darasa la tano, na Doto alikuwa amebaki darasa la nne akikariri, baada ya kupata E kwenye upimaji wa kitaifa.

Mama Kulwa (sijawahi kusikia mtu akimwita Mama Doto, na hilo nalo lina lake) alinikuta nyumbani jioni, ndoo tupu mkononi, ametoka kuuza. Yeye huanika dagaa. Alikaa kwenye ukingo wa kibaraza, kiti akakikataa kwa sababu, alisema, nguo zake zinanuka.

"Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa unazijua shule za watoto wa hivyo."

"Marahaba. Wa hivyo vipi, mayu?"

"Wa hivyo. Wasioshika."

Mimi nilisomea elimu maalumu Patandi, Arusha, nikafundisha miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mzazi akija tayari anatafuta shule, ujue ameshaambiwa na mtu kwamba hii aliyo nayo mtoto siyo yake. Nikamwambia aniletee kwanza mtoto, na aje na Kulwa pia.

Alivyojificha miaka mitatu

Darasa la kwanza lao lilikuwa na watoto zaidi ya mia. Katika darasa la namna hiyo kusoma ni kwa pamoja: mwalimu anaelekeza fimbo ubaoni, darasa linaitikia. Doto ana sikio zuri, aliitikia. Kitabu alikijua chote, ukurasa kwa ukurasa, na picha ndizo zilizomwambia amefika wapi. Ukaguzi wa madaftari nao haukumfichua, maana kunakili anaweza. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa dada yake. Ananakili ubao mzima bila kosa, kisha ukimwambia asome alichoandika anakutazama usoni kama anayetafuta jibu huko.

Darasa la tatu masomo yakaongezeka, picha zikapungua, na kila mtoto akaanza kusimamishwa asome peke yake. Hapo ndipo alipoanza kuumwa tumbo asubuhi. Ndipo alipoanza kuchapwa pia.

Kuhusu viboko niseme kabla sijaendelea, maana wazazi wengi wanadhani mwalimu ana ruhusa tu. Kanuni za adhabu hiyo za mwaka 2002 zinamtaja mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, zinaweka kikomo cha viboko vinne, zinataka viandikwe kitabuni, na zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu. Kushindwa kusoma mstari si kosa la nidhamu. Mwalimu wa somo anayezunguka na fimbo akisema "soma hapo" yuko nje ya kanuni, na mzazi anaweza kumwambia hivyo mwalimu mkuu kwa sauti ya upole kabisa. Akipuuzwa, ipo namba 116, simu ya mtoto, haina malipo.

Kwenye mwalo Doto ni mtu mwingine. Anajua bei ya sado jana, juzi na wiki iliyopita. Anajua mchuuzi yupi alichukua ndoo ngapi kwa mkopo na aliahidi kulipa lini. Mama yake hana daftari la madeni. Daftari ni Doto. Nilimpima kwa hesabu za ndoo na chenji, akanijibu kabla sijamaliza kuuliza, halafu akanisahihisha bei.

Maelezo ya kwa nini hasomi yalikuwa mengi. Shule ilisema ni lugha, nyumbani wanaongea Kisukuma. Ikasema tena ni mwalo, watoto wa mwaloni hawana muda wa daftari. Bibi alisema ni mambo ya mapacha ambayo hayakutimizwa walipozaliwa, na mbuzi mmoja akaondoka kwa ajili hiyo. Baba, ambaye huvua dagaa usiku na kulala mchana, alisema kwa kifupi kwamba mtoto ana kichwa kama chake.

Sasa, kila maelezo hayo, isipokuwa ya baba, yanaanguka mbele ya Kulwa. Lugha ni moja, sufuria ni moja, mwalo ni mmoja, mwalimu alikuwa mmoja, hata yale mambo ya mapacha ni ya wote wawili. Mara chache mtu hupata kisa kilichokuja na kipimo chake ndani. Ya baba niliiweka kando, nikairudia baadaye.

Tulichokiona

Kabla ya kusema lolote kuhusu kusoma, macho na masikio kwanza. Sipendi kuona mtoto anabandikwa jina la shida ya kichwani kumbe hasikii sikio moja. Macho yalipimwa hospitali ya mkoa, Sekou Toure, masikio Bugando. Safari mbili, nauli ya watu wawili, na siku mbili ambazo hakuna aliyegeuza dagaa juani. Macho mazima, masikio mazima.

Kisha nikawapa wote wawili hadithi fupi ya maneno sitini hivi, ambayo nilikuwa nimeitunga mwenyewe ili wasiwe wameikariri. Kulwa aliimaliza ndani ya dakika moja. Doto alitumia dakika tano na ushee, akatoka jasho puani. Hakukosea sana, na hilo ndilo linalowadanganya walimu wengi. Ba, be, bi anazo. Alikwama kwenye mbw, kwenye nyw, kwenye ng' yenye kibainishi, na alikwama zaidi kwenye maneno marefu. Kiswahili kinaweza kupakia sentensi nzima ndani ya neno moja: "hawakutuambia" ni nani, lini, nani kaambiwa, na kwamba halikutokea. Doto akifika kwenye "-mbia" ameshamsahau "hawa-". Nikampa maneno yasiyokuwepo, niliyoyaokota hewani: tangwe, nyushibo, mbweku. Hapo akasimama kabisa, kwa sababu hapakuwa na cha kukisia.

Halafu nikamsomea mimi ile hadithi. Ilikuwa ya mvuvi aliyetoka usiku wa mwezi mkubwa akarudi na mtumbwi umejaa dagaa. Nikamuuliza maswali sita, akajibu yote sita. Kisha akauliza la kwake: "Mwalimu, mbalamwezi dagaa aliwapata wapi?"

Nilikuwa nimetunga upuuzi. Mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, ndiyo maana wavuvi hupumzika siku hizo. Miaka yote niliyokaa kando ya ziwa hili, na mtoto anayeitwa mzito ndiye aliyenikamata.

Wataalamu huiita disleksia. Ni mojawapo ya matatizo mahususi ya ujifunzaji: akili ya kufikiri iko salama, kinachokwama ni wepesi wa kuunganisha herufi na sauti yake. Huenda katika familia. Haina kidonge wala miwani. Inapungua makali mtoto akifundishwa kwa utaratibu, silabi juu ya silabi, polepole na kwa muda mrefu, huku masomo mengine akiyapata kwa masikio ili yasimpite. Katika Kiswahili hujificha, kwa sababu sisi tunasoma kama tulivyoandika. Mtoto wa Uingereza mwenye shida hii atakosea, maana maandishi ya lugha yake yenyewe ni mtego. Wa kwetu atafika, ila atafika jioni. Mwalimu anaona uvivu.

Mimi si wa kutoa cheti, na kwenye karatasi niliandika "dalili za", nikaeleza nilichofanya na nilichoona, nikaambatanisha majibu ya macho na masikio. Karatasi mbili. Tukaenda nazo ofisini.

Kisanduku

Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu mwema, na ninalisema hili kwa sababu visa vya aina hii huwa vinatafuta mbaya wa hadithi. Alisoma karatasi zote mbili, jambo ambalo si la kawaida. Akafungua orodha yake: wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili, usonji, ualbino. Akapitisha kalamu juu chini, akarudi juu.

"Mama, nikimwandika ulemavu wa akili, wiki ijayo nina nafasi kwenye kitengo. Mwalimu yupo, uji upo, watoto wachache. Nikimwacha bila neno, sina pa kumweka."

Kitengo chenyewe, cha watoto wenye ulemavu wa akili, kilikuwa daladala mbili kutoka mwaloni. Nakijua, na ni kizuri. Watoto wanajifunza kujitegemea: kufua, kupika, kufuma, kuhesabu fedha ndogo. Doto alikuwa anahesabu fedha za mama yake akiwa na miaka saba. Hata hivyo nakiri kwamba nusura nimwambie mama akubali. Nilifikiria fimbo, nikafikiria watoto zaidi ya mia, nikafikiria uji. Katika kazi hii kuna uchovu unaokufanya upende mlango wowote ulio wazi.

Mama Kulwa ndiye aliyeuliza. "Hilo neno, nikisaini leo, litatoka lini?"

Ofisa hakuelewa.

"Siku akishajua kusoma. Nani atalifuta?"

Hakuna aliyejibu, akairudisha kalamu mezani.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikumlazimisha achague kisanduku kile. Inaueleza ulemavu kwa upana: ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida sawa na wengine, kwa sababu ya vikwazo vya kimwili, kiakili au kijamii. Doto anaingia humo bila kusukumwa. Kifungu cha 27 kinamweka mtoto mwenye ulemavu katika shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Kwa hiyo sheria ilikuwa na nafasi yake. Orodha ndiyo iliyokuwa fupi. Na mzazi asiyekuwa na mtu wa kumwambia tofauti ya hivyo viwili atasaini. Wengi wamesaini. Wengine wamekataa bila kupewa kitu kingine, na mtoto akabaki nyuma ya darasa hadi alipoacha shule mwenyewe akaenda ziwani.

Barua yangu

Hapa nilikosea, na gharama aliilipa Doto.

Mwenyekiti wa mtaa ana mpwa anayeishi Marekani. Aliposikia habari hii alituma kwenye simu karatasi za huko. Kule, tangu sheria yao ya mwaka 1975, mtoto wa aina hii anaandikiwa mpango wake peke yake, mzazi anaitwa kikaoni mpango unapoandikwa, na asiporidhika ana njia ya kupinga. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja kinacholipiwa na serikali kuu, ambacho kazi yake ni kuwafundisha wazazi kuzidai haki hizo. Nilizisoma karatasi zile usiku, zikanipanda kichwani. Nikaandika barua kwa mwalimu mkuu, kurasa mbili zilizobanana: Sheria ya 2010, Sheria ya Mtoto ya 2009, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009, Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Nikadai kikao. Nikadai mpango.

Mwalimu mkuu aliisoma, akaikunja mara nne. "Mwalimu mwenzangu, hii ni barua ya mahakamani. Nina watoto mia moja na kumi na nne darasa la nne, na walimu wawili. Unataka nifungue shule ya Doto?"

Kwa wiki tatu zilizofuata Doto alikalishwa dawati la mwisho, karibu na mlango, "asije akatuletea kesi". Hakuna aliyemchapa. Hakuna aliyemuuliza kitu pia.

Sisemi sheria haifai, na ilikuja kutufaa baadaye. Nasema niliazima silaha ya mahali ambapo nyuma ya barua kuna kituo, kuna wakili, kuna bajeti. Nyuma ya barua yangu alikuwepo mama mmoja mwenye ndoo.

Kilichofungua mlango kilikuwa kidogo hadi naona haya kukieleza. Mama Kulwa alikwenda mwenyewe, siku za mbalamwezi, ambapo mwaloni hakuna kazi ya kuanika na mtu ana asubuhi yake. Alikuwa na maombi manne, tumeyapunguza kutoka kumi na moja. Doto asisimamishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Akae mbele. Kwenye Hisabati asomewe swali, akokotoe mwenyewe. Na yule mwalimu wa darasa la kwanza, anayefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ampe dakika ishirini baada ya masomo siku tatu kwa wiki, silabi tu, kuanzia zile zinazomkwamisha. Tulichagua mambo ambayo mwalimu mkuu angeweza kuyatekeleza kesho yake bila kumwomba mtu kibali wala shilingi. Alikubali matatu papo hapo. La nne alisema mwalimu mwenyewe aulizwe, na mwalimu mwenyewe alikubali kwa sababu, alisema, alikuwa anamkumbuka Doto kama mmoja wa wanafunzi wake waliosoma vizuri. Alipoelezwa jinsi mtoto alivyokuwa anaitikia kwa kukariri, alikaa kimya muda mrefu.

Mwisho wa kikao Mama Kulwa akatoa daftari la kurasa 48, akaandika tarehe na yale manne kwa mwandiko wake wa darasa la saba, akamsogezea mwalimu mkuu. "Naomba utie sahihi hapa, mwalimu. Mimi msahaulifu." Si msahaulifu hata kidogo. Lakini mtu mzima haoni aibu kumsaidia msahaulifu, na sahihi ikapatikana. Toka siku hiyo kila kikao kilikuwa na sahihi. Daftari la madeni hakuwahi kuwa nalo, hili alilitunza.

Wenzake

Nilimpeleka kwenye kikundi cha wazazi wa kata, familia sita wakati huo. Vikao tulivipanga kwa mwezi wa angani, siyo wa kalenda, ili wanawake wa mwaloni waweze kuja. Siku ya kwanza haikwenda vizuri. Mmoja ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajawahi kukaa mwenyewe. Mwingine ana kijana mwenye usonji anayetoroka usiku kuelekea majini. Walimsikiliza Mama Kulwa, kisha mmoja akasema bila hasira: "Wako anatembea, anaongea, anauza dagaa. Sasa wewe unalia nini?"

Alitaka kuondoka. Na siwezi kusema yule mwenzake alikosea. Katika vikundi hivi kuna ngazi ambayo hakuna anayeitaja, na mwenye mzigo usioonekana husimama chini kabisa. Hata vyama vingi vilivyo ndani ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, vimejipanga kwa aina ya ulemavu. Mzazi wa mtoto wa namna ya Doto anagonga mlango upi?

Alirudi kwa sababu ya jambo la matumizi tu. Kikundi kilikuwa na utaratibu kwamba hakuna mzazi anayekwenda ofisini peke yake. Mtu wa pili hasemi kitu, anasikiliza na kukumbuka nani alisema nini. Mama Kulwa, kwa kuwa anaandika haraka, akawa mtu wa pili wa kila mmoja. Yule aliyemuuliza analilia nini ndiye aliyemsindikiza mara nyingi zaidi baadaye. Sheria ile ya 2010 pia inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa, kata na kuendelea juu. Ya kata yetu ilikuwepo kama orodha ya majina kwenye faili. Kikundi kikamwomba mtendaji aiitishe, ikaitishwa, na mzazi mmoja akaingia. Haijafanya makubwa. Imefanya kwamba mtendaji anawajua kwa majina.

Kwenye kikao kimoja cha nyumbani nilikuwa namweleza baba jinsi mtoto anavyokariri kurasa, anavyotazama midomo ya wenzake, anavyojitolea kufuta ubao ili asiitwe kusoma. Alikuwa anashona wavu, hakuinua macho. Akasema, "Mimi nilikuwa nachota maji ya walimu." Basi. Aliacha shule darasa la tano. Ujumbe wa fedha kwenye simu bado anasomewa na muuza duka. Mama Kulwa, baada ya miaka kumi na nne ya ndoa, alikuwa hajui kwamba hasomi. Alidhani anaona uvivu tu.

Na yupo Kulwa, ambaye sote tulimsahau. Tangu darasa la pili alikuwa anamsomea ndugu yake kila kitu: maswali, vibao vya daladala, maandishi kwenye pakiti za dawa. Alipopanda darasa la tano bado alitakiwa kukaa naye kila jioni. Siku moja akasema, mbele yangu, "Mimi siyo macho yake." Mama akataka kumkemea, nikamzuia. Tuliandika kwenye daftari, kama ombi la tano, kwamba jioni mbili kwa wiki Kulwa asiulizwe chochote kuhusu Doto. Ningeanza upya kisa hiki, hilo lingekuwa la kwanza.

Upimaji wa pili

Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Kwa mtoto anayeijua hesabu lakini anatumia nusu ya muda kulifungua swali, dakika hizo ni darasa zima. Lakini makundi yanayotajwa kwenye taarifa za kabla ya mitihani ni wasioona, uoni hafifu, viziwi, ulemavu wa akili, ulemavu wa viungo. Kisanduku kilekile kilikuwa kimetufuata.

Safari hii aliyeandika barua ni mwalimu mkuu. Nukuu za sheria zilezile alizozikunja mara nne alizitoa mwenyewe kwenye droo, akachukua mistari mitano, akaiandika kwa lugha ya ofisi na muhuri wa shule juu. Ilipelekwa mapema, wakati wa usajili. Jibu la maandishi halikuja. La mdomo lilikuja: kundi hilo halipo. Mama akaulizwa tena, kwa nia njema tena, kama hataki lile neno lingine ili mtoto apate dakika. Akakataa tena. Usiku ule hakulala, aliniambia, na kwa kweli sijui mimi ningefanya nini.

Doto aliufanya upimaji kwa muda wa kila mtu. Hisabati alipata B. Kiswahili D, Kiingereza E. Jumla ilimvusha kwenda darasa la tano. Wakati huo alikuwa anasoma hadithi ya maneno sitini kwa dakika mbili kasoro, mbw anaipita, nyw bado inamshika mguu.

Januari iliyofuata yule mwalimu wa KKK akahamishiwa wilaya nyingine, kisha mwalimu mkuu naye akahama. Mama Kulwa alikwenda kumwona mkuu mpya, na mtu wa pili pembeni yake, yule mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Faili la Doto lilitafutwa kabatini, halikuonekana. Mkuu mpya akaanza kusema kwamba basi itabidi waanze mwanzo.

Mama Kulwa akafungua mfuko wa plastiki aliokuja nao chini ya kanga. Daftari lilikuwa humo, na nakala za kila barua, zimelala pamoja na stakabadhi za ushuru wa mwaloni. Zilikuwa zinanuka dagaa, harufu ile ambayo haitoki. Mkuu mpya akazipokea kwa ncha za vidole, akaamka akafungua dirisha, akaanza kusoma palepale amesimama.